Jozi

Zestaponi, Januari. Theluji imekaa juu ya uzio
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nutsa kafungua daftari kando ya jiko la kuni,
penseli mdomoni, paji limekunjamana:
kipeuo cha pili cha kumi na mbili
mara kipeuo cha pili cha sita.
"Rahisisha," swali linasema.
Rahisisha! Kana kwamba aliyeliandika
amewahi kurahisisha kitu maishani mwake.

Mimi ni fundi vigae. Shule niliiacha
majira yale umeme ulipokuja saa mbili kwa siku;
tulisomea mshumaa, mshumaa ukaisha,
tukaota moto wa madawati.
Lakini alama hiyo naijua: ni paa la upande mmoja,
bati refu juu ya mguu mwembamba,
na walio chini yake hawatoki hivi hivi.

Jana alikosea. Alichukua kipeuo cha tisa,
akakijumlisha na cha kumi na sita,
akavisukuma vyote chini ya paa moja, akapata tano.
Mwalimu Tsiala alichora mstari mwekundu hadi karatasi ikachanika:
tatu na nne ni saba, mtoto, saba!
Kujumlisha hakubomoi ukuta. Kila mtu na kwake.
Kuzidisha ndiko kunakobomoa.

Basi nikavuta bakuli la jozi,
za mti wa nyuma ya nyumba, zingali na maganda,
nikatoa chaki yangu ya kazini.
Kumi na mbili nikaipasua: mbili, mbili, tatu.
Sita: mbili, tatu.
Namba tasa, ndivyo zinavyoitwa,
ilhali tasa hizo ndizo zilizozaa wengine wote.
Jozi tano mezani, kila moja na tarakimu yake,
na juu yake nikalaza rula.

"Sasa nitafutie jozi ndani ya jozi."
Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.
Mbili na mbili zikashikana mkono, zikatoka;
ndani zilikuwa mbili, nje ikaonekana moja.
Tatu na tatu vivyo hivyo.
"Na yule mwenzake anakwenda wapi?"
Nikajikuna kisogo. Swali hilo hata Tsiala angelikohoa.
"Mraba una pande sawa," nikasema.
"Ukiuliza upande, unajibiwa mara moja tu."
Nje: mbili mara tatu, sita.
Ndani: mbili moja, haina wa kutoka naye.

Sita, kipeuo cha mbili.
Nikashtuka. Namba hiyo naijua kwa magoti!
Ukumbi wa shule yao, sita kwa sita,
nilioutandika vigae mwezi wa Oktoba:
kamba kutoka pembe hadi pembe
ilisoma mita nane na nusu, kasoro sentimita moja na nusu,
na miezi yote hii nimekuwa nikiilaumu kamba.

Nutsa anaandika. Mimi naitazama jozi iliyobaki chini ya rula.
Makvala yuko Bari mwaka wa nne huu,
anamwogesha bibi kizee wa watu, anamkata kucha,
Jumapili uso wake unakatikakatika kwenye simu.
Kipeuo cha mbili mara kipeuo cha mbili,
hilo halihitaji chaki:
paa linainuka, mbili nzima inatoka barabarani.
Lakini sisi hatujazidishwa. Tunajumlishwa,
yeye kule, mimi huku, na katikati yetu
ile alama ya kujumlisha, kama ndege iliyopita juu ya Kutaisi
bila kutua.

Sikumwambia mtoto.
Alipiga mstari chini ya jibu, mara mbili,
akainyanyua rula, akaichukua ile jozi yenye chaki,
akaibana kwenye bawaba ya mlango, kraa,
akaila.
"Nutsa! Hiyo ilikuwa inabaki ndani."
"Imeshaandikwa, baba," akasema, mdomo umejaa.
"Nipe swali la pili."